Wanachama wa Jibini

Chama kilitangaza, mbele ya waandishi wawili wa habari, mmoja wao akiwa ameingia humo kwa kupotea njia ya msalani, kwamba tatizo la uhaba wa wanachama katika jimbo la Wisconsin limekwisha rasmi.

Kuanzia siku hiyo, alisoma Mwenyekiti wa Jimbo, Mheshimiwa Royce Kolpack, mtu hatalazimika tena kulipa ada, kuhudhuria kikao, kugonga mlango wa jirani kuomba kura wala kula na wenzake samaki wa Ijumaa kwenye chumba cha chini cha kanisa ili awe mwanachama. Kinachotakiwa ni kubonyeza tu. Yeyote atakayebonyeza alama ya kupenda kwenye jambo lolote lililowekwa katika ukurasa wa Chama atakuwa, papo hapo na bila usumbufu wa kuulizwa, mwanachama kamili mwenye haki zote. Mpango huo ulipewa jina la Mpango Kabambe wa Uanachama kwa Mguso.

"Ndugu zangu," alisema Mwenyekiti akikunja karatasi, "haya ni mapinduzi ya kidole."

Aliyepiga makofi ni Jolene Prochnow peke yake, kwa kuwa kupiga makofi kulikuwa miongoni mwa majukumu yake. Jolene alikuwa na miaka ishirini na saba na cheo kirefu kuliko meza yake: Kaimu Mkurugenzi wa Muda wa Hamasa ya Kidijitali. Neno kubwa katika cheo hicho lilikuwa "muda". Mfanyakazi wa muda hakupewa bima ya afya, na Jolene alikuwa na jino. Jino lenyewe ni gego la chini upande wa kulia, lililoanza kama mzaha wakati theluji ikiyeyuka, na sasa likimpigia ngoma hadi sikioni. Kwa mtu asiye na bima katika nchi ile, kiti cha daktari wa meno hutazamwa kwa mbali, kama watu wanavyotazama nyumba za matajiri za kando ya ziwa.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na aliliona shavu. "Vumilia hadi mkutano mkuu wa Juni," alimwambia. "Nikirudi kitini, kesho yake unaajiriwa moja kwa moja, bima na kila kitu. Lakini nisiporudi, Jolene, mimi na jino lako sote kwaheri."

Hivyo ndivyo jino la Jolene na kiti cha Mwenyekiti vilivyofungwa kamba moja, na ndiyo maana binti wa watu alianza kuombea ushindi wa Royce Kolpack kwa dhati ambayo hata mke wa Kolpack hakuwa nayo.

Kiti chenyewe kilikuwa kinayumba. Mheshimiwa alikwisha kuongoza Chama katika chaguzi tatu, na katika zote tatu Chama kilipata kile ambacho taarifa zake ziliita ushindi ulioahirishwa. Watu wa kaunti walianza kunung'unika. Kiranja wao alikuwa Verna Skibba wa Kaunti ya Tamarack, mama wa makamo anayeuza vipuri vya mashine za kukamulia ng'ombe, ambaye alitangaza waziwazi kwamba atakigombea kiti hicho. Swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza kila mahali: wale watu wa kugonga milango mliotuahidi kila uchaguzi, wako wapi?

"Unajua ubaya wa mwanachama wa kaunti?" Mwenyekiti alimuuliza Jolene siku moja.

"Hapana, bosi."

"Anakuja. Unaitisha kikao, anakuja. Anakaa mbele. Anauliza. Halafu anabaki kula." Alishusha pumzi. "Nataka wanachama wasiokuja."

Ombi hilo lilikuwa la kiutendaji kabisa, na Jolene alilifanyia kazi. Kwanza aliweka ukurasani hotuba ya Mwenyekiti kuhusu mitaro ya mashambani. Ikapata wanachama wawili: dada yake Mwenyekiti, na Jolene. Akaweka picha ya Mwenyekiti akipeana mkono na mtaro. Dada mtu akabonyeza tena, lakini kanuni zilikataza kumhesabu mara mbili.

Siku ya tatu Jolene alikwenda kula chakula cha mchana na kuagiza jibini la kukaanga, vile vipande vidogo vinavyotoka kwenye mafuta na ganda la dhahabu, ukiuma vinavutika kama ulimbo. Akatia kimoja mdomoni. Jino likasema hapana. Alikaa pale akikitazama chakula kama mtu anayemtazama mchumba aliyeolewa na mwingine, na kwa kuwa kukila hakuwezi, akakipiga picha. Akaibandika picha ya Mwenyekiti pembeni, ndogo, akitabasamu, na kuandika chini yake: Bonyeza kama unalipenda.

Sasa, kumuuliza mtu wa Wisconsin kama anapenda jibini la kukaanga ni sawa na kumuuliza kama anapenda kupumua. Walibonyeza wakulima, wakabonyeza walimu, wakabonyeza masista wa kanisa, wakabonyeza wafungwa wenye simu zisizotakiwa kuwapo. Walibonyeza wanachama sugu wa chama pinzani. Alibonyeza mbwa mmoja aitwaye Biscuit, mwenye ukurasa wake mwenyewe na wafuasi wengi kuliko gavana. Kabla ya wiki kwisha, Chama kilikuwa na wanachama laki tatu.

"Hawa wote ni wetu?" aliuliza Mwenyekiti, machozi yakimlengalenga.

"Wanapenda jibini, bosi."

"Jibini liko kwenye ukurasa wa nani?"

"Wetu."

"Basi usinichanganye."

Kilichobaki kilikuwa kuwahalalisha, na kazi hiyo alipewa Orville Tesch, Mtaalamu wa Taratibu. Bwana Tesch alikuwa mzee mwembamba mwenye tai ya kipepeo, na aliziamini kanuni za mikutano kama wengine wanavyomwamini Mungu, ila yeye alisoma na maandishi madogo. Mwenyekiti alimwajiri baada ya kumwona akiua hoja ya Verna Skibba kwa sababu mama huyo aliitoa akiwa bado amevaa koti. Tangu hapo Mwenyekiti alimtembeza kila kikao kama mtu anavyotembea na bunduki.

Bwana Tesch aliandika marekebisho ya katiba kwa mkono wake. Rejista ya zamani ya walipa ada ilifutwa, ili pasiwe na wanachama wa tabaka mbili. Kuanzia sasa mwanachama ni aliyebonyeza, na asiyebonyeza si mwanachama. Marekebisho yakapelekwa mbele ya Kamati Tendaji, iliyokutana mtandaoni, na Jolene akiwa ameagizwa kuzima vipaza sauti vya wawakilishi wote wa kaunti kwa ajili ya utulivu wa mjadala. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwenye skrini vinywa vilifunguka na kufungwa kama vya samaki, mama mmoja akasimama na kupunga taulo, lakini pingamizi halikusikika. Hoja ikapita kwa sauti moja, nayo ilikuwa ya Mwenyekiti.

Dakika chache baadaye simu ya Jolene ililia.

"We Jolene," ilisema sauti ya Verna Skibba, "ndiwe uliyeniziba mdomo?"

"Nilibonyeza tu, mama. Niliagizwa."

"Ndivyo wanavyosema wote. Na hilo shavu je? Nimeliona kwenye skrini, kama umeficha yai la bata."

"Jino."

"Kwa nini huling'oi?"

"Nangoja bima. Mwezi wa Juni, bosi akirudi kitini."

"Ama kweli," alisema Verna. "Yaani mimi nikishinda, wewe unabaki na jino lako."

"Sina ubaya na wewe, mama Verna."

"Najua. Sukutua na maji ya chumvi, ya vuguvugu, usiyachemshe. Na uwaambie wakubwa zako kwamba Tamarack nzima tumelibonyeza hilo jibini lao leo asubuhi, hata babu yangu wa miaka tisini nimemshika kidole. Tusije tukaambiwa sisi si wanachama."

Jolene alisukutua na maji ya chumvi. Yalisaidia, na hilo lilimuudhi, maana ni vigumu kumwombea mabaya mtu aliyekupa dawa.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya Juni katika mji mdogo wa Alder Falls, ndani ya banda la maonyesho ya ng'ombe, lililofagiliwa vizuri ingawa halikusahau kazi yake. Watu wa kaunti walikuja mapema na magari yao ya mizigo, kila gari na jiko lake kubwa la kukaangia samaki nyuma, maana watu hawa hawaendi popote bila kujua watakula nini. Mwenyekiti aliwatazama kwa huruma. Walikuwa mia tatu hivi, na wote wangempigia Verna. Yeye alikuwa na laki tatu mtandaoni. Aliwasha skrini iliyofunika ukuta mzima na kumwamuru Jolene afungue mlango wa kidijitali.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia watu tisa. Wa kumi alikuwa Biscuit, aliyekaa mbele ya kamera kwa nidhamu kubwa kuliko wenzake, akihema.

"Wengine wako njiani," alisema Mwenyekiti.

Nje jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza tangu miezi ya barafu, na Wisconsin yote ilikuwa juu ya maji na ndoano mkononi. Jolene alituma ujumbe kwa wanachama wote: Rafiki, je, umetutupa? Majibu yakaanza kudondoka. Mmoja aliuliza, "Nani mwenzangu?" Mwingine: "Niliipenda picha tu." Mwingine: "Niko ziwani, na mkinitumia tena ujumbe nitamwambia mke wangu."

Mwenyekiti aligonga nyundo. "Natamka kwamba akidi imetimia."

Bwana Tesch alisimama na kuirekebisha tai yake. "Haijatimia, Mheshimiwa. Katiba inataka mwanachama mmoja katika kila mia. Wanachama wako ni laki tatu. Nahitaji watu elfu tatu."

"Basi wapunguze! Futa hao wasiokuja!"

"Mwanachama kamili hafutwi ila kwa kura ya mkutano mkuu. Na mkutano mkuu hauwi mkutano bila akidi."

"Sasa tunaruhusiwa kufanya nini?"

"Mawili. Kuahirisha, au kuitafuta akidi. Ila ukiahirisha, Mheshimiwa, muhula wako unaisha leo saa kumi na moja jioni, na kiti kitakuwa wazi."

Mwenyekiti alimwita Jolene pembeni, karibu na zizi la ndama. Shavu la Jolene lilikuwa limewaka moto siku hiyo, na lile neno "wazi" lilimchoma kwenye jino lenyewe.

"Jolene, mwanangu, hawa watu wanapenda nini?"

"Jibini, bosi. Sijui kitu kingine chochote kuwahusu."

"Basi wape jibini!"

Ujumbe ukaenda: jibini la kukaanga, la moto, la bure, kwa kila mwanachama atakayefika mwenyewe Alder Falls kabla ya saa tisa. Jibini lenyewe halikuwa tatizo, kwani kiwanda kilikuwa ng'ambo ya barabara, kama ilivyo katika kila mji wa kule unaojiheshimu. Tatizo lilikuwa mkaangaji. Makao makuu yalikuwa na wataalamu wa mikakati wanne na mshauri wa rangi za nembo, lakini kati yao hapakuwa na aliyewahi kukaangia watu zaidi ya wawili. Majiko yalikuwa kwa watu wa kaunti. Ikabidi Mheshimiwa Royce Kolpack atembee kwa miguu yake hadi kwenye maegesho, alikokuwa Verna Skibba akichanganya unga wa samaki.

"Mama Verna," alisema, "Chama kinakuhitaji."

"Chama gani? Kile kilichotuziba midomo?"

"Yale yalikuwa mambo ya kiufundi. Nahitaji mikono yenu, midomo hapana."

Wazee wa Tamarack walicheka. Verna alijipangusa unga taratibu, kidole kimoja kimoja. "Haya, tutakukaangia," alisema. "Lakini tutaongea tukikaanga. Mimi siwezi kusimama mbele ya mafuta ya moto kimya kama mshumaa."

"Ongeeni mpendavyo," alisema Mwenyekiti kwa ukarimu. Maongezi hayakuwa na kitufe, kwa hiyo hakuona madhara yake.

Watu walikuja. Walikuja na mashua zikiwa bado zimefungwa nyuma ya magari, wengine na kaptura zinazochuruzika, wengine na watoto mabegani na mabibi kwenye viti vya magurudumu. Walikuja hata wenye kofia za chama pinzani, waliozigeuza nyuma kwa heshima. Foleni ilizunguka banda, ikapita choo cha umma, ikaingia barabarani na kurudi. Bwana Tesch alisimama mlangoni akiwahakiki mmoja mmoja kwenye simu zao.

Jibini huchukua muda kukaangwa, na mtu aliyesimama kwenye foleni hana pa kwenda. Watu wa kaunti walipita katikati yao na bakuli za haradali.

"Umetoka wapi, bwana?"

"Huko Bruner. Karibu na lile daraja."

"Daraja lenye shimo? Bado hawajaliziba? Mwaka jana nani alikuja kwako kuomba kura?"

"Hajaja mtu. Sijawahi kugongewa mlango na mwanasiasa tangu nioe."

"Mimi ningekuja, ila niliambiwa mtaa wenu unashughulikiwa mtandaoni. Huyu mtoto ni wako? Mbona kachomwa na jua hivi? Verna! Leta lile gudulia la maziwa, huyu mtoto kaungua!"

Jolene alisimama kando na simu yake mkononi akiwatazama. Aliona wivu, tena wivu mchungu. Alikuwa na wanachama wengi kuliko mtu yeyote jimboni na hakumjua hata mmoja, na hapa wauza vipuri na madereva wa mabasi ya shule walikuwa wanawashika watu mkono mara moja na kukumbuka majina ya mbwa wao. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika "Rafiki" mwanzoni mwa kila ujumbe. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na Jolene, aliyekuwa na maumivu ya jino la kweli, aliona wazi kwamba kazi yake yote ilikuwa kutengeneza meno ya pembe.

Saa tisa kasorobo Bwana Tesch alipanda jukwaani na kutangaza kwamba akidi imetimia. Banda lilishangilia, hasa kwa sababu sufuria mpya ilikuwa imetolewa motoni wakati uleule.

Mwenyekiti hakuipenda ile foleni ilivyomwangalia Verna akipita. Aliamua kuwahi. "Natoa hoja," alisema, "kwamba tusipoteze muda na kura za mikono. Laki tatu ya wananchi walikwisha kubonyeza picha yenye sura yangu. Zihesabiwe kuwa kura zangu."

Bwana Tesch alivaa miwani na kuitazama ile picha kwenye skrini kubwa. "Maandishi yanasema: Bonyeza kama unalipenda. Kisarufi na kimantiki, Mheshimiwa, lililopendwa ni jibini. Na jibini si mwanachama. Haliwezi kugombea."

"Nani kasema jibini ligombee?"

"Basi kura hizo zimeharibika. Tunaendelea na uhakiki wa wagombea. Verna Skibba, Kaunti ya Tamarack: alibonyeza mwezi wa Aprili. Anastahili. Royce Kolpack." Aliitazama simu. Akatelezesha kidole juu, akakitelezesha chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Royce Kolpack hayumo."

Foleni ilisogea mbele ili isikie vizuri.

"Upuuzi!" alisema Mwenyekiti. "Mimi ndiye Mwenyekiti! Jina langu linabonyeza mambo kila siku!"

"Jina ni la ofisi. Katiba haitambui jina, Mheshimiwa, inatambua mguso. Swali ni kidole kilikuwa cha nani." Bwana Tesch aligeuka. "Bi Prochnow ndiye mtunza ukurasa. Akithibitisha kwamba Mwenyekiti alibonyeza yeye mwenyewe, hata mara moja, nitaliandika neno lake na shauri litakuwa limekwisha."

Watu elfu tatu walimgeukia Jolene. Mwenyekiti alikifunika kipaza sauti kwa kiganja na kuinama, na kwa sauti ya baba akasema neno moja tu.

"Jino."

Lilikuwa likipwita kama lina saa ndani yake. Lilimkumbusha supu za miezi mitatu, lilimkumbusha bima, daktari, sindano ya ganzi, na usingizi wa upande wa kulia. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kidole kimoja. Jolene alimtazama Mwenyekiti, kisha akaitazama ile foleni, yule mtoto aliyeungua na jua akiwa amelala begani kwa baba yake na maziwa yamemkauka puani. Alitaka sana kusema ndiyo. Alifungua mdomo ili aseme ndiyo.

"Hapana," alisema. "Mwenyekiti hajawahi kubonyeza kitu chochote. Simu yake huwa naishika mimi. Mimi ndiye niliyependa mitaro. Mimi ndiye niliyelia kwenye misiba. Hata siku ya kuzaliwa ya mkewe, zile salamu na mioyo kumi na miwili, vilikuwa vyangu."

"Nilijua tu," alisema Bi Kolpack kutoka safu ya mbele. "Mioyo kumi na miwili! Royce huyu?"

Kicheko kilichofuata kiliwaamsha ndama. Mwenyekiti alimpokonya Jolene simu na kuinyoosha juu. "Basi nabonyeza sasa hivi! Mbele ya wote! Mashahidi mpo!"

"Kifungu cha tisa," alisema Bwana Tesch kwa masikitiko ya kweli, kwani alimpenda Mwenyekiti kwa namna yake. "Mwanachama mpya hapigi kura wala hagombei hadi zipite siku thelathini. Ulikitaka mwenyewe, Mheshimiwa, ili Bi Skibba asilete watu dakika za mwisho."

"Orville! Wewe uko upande wa nani?"

Bwana Tesch alifikiri. "Wa kifungu cha tisa," alisema.

Verna Skibba alichaguliwa akiwa bado amevaa aproni, kwa mikono iliyoinuliwa juu na kung'aa mafuta. Hakutoa hotuba. Alisema kuna sufuria mbili zaidi zinatoka, kwamba watu wa kugonga milango wataanza kazi Jumatatu na anayetaka aje, halafu akamwonyesha Jolene kwa kijiko.

"Huyu binti kakaa na jino bovu tangu theluji," alisema, "na sisi tunajiita chama cha watu. Natoa hoja wafanyakazi wote wa Chama wapewe bima, wa muda na wa kudumu. Kuna anayepinga?"

Hakupinga mtu, na safari hii vipaza sauti vyote vilikuwa wazi. Hoja ikapita. Bwana Tesch alieleza kwamba bima huanza siku ya kwanza ya mwezi ufuatao, kwa hiyo Bi Prochnow ataendelea kutafunia kushoto kwa wiki tatu na kidogo. Jolene alilia. Ilikuwa ni furaha, na pia ni jino, na hakujisumbua kuvitenganisha.

Jioni, watu wakikunja viti, alimkuta Royce Kolpack kwenye maegesho, amekaa peke yake nyuma ya gari lake na simu magotini. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa ndege wa mtu mwingine amtunzie.

"Jolene, mwanangu," alisema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao alipokuwa na cheo, "hivi mtu anabonyeza wapi?"

"Hapo chini, bosi. Alama ya kidole gumba."

Alibonyeza. Simu ikatoa mlio, ikaja barua ya kumkaribisha, ileile ambayo Jolene aliiandika kwa maagizo yake. Aliisoma kwa sauti. "Hongera! Sasa wewe ni mwanachama kamili. Huna haja ya kufanya kitu kingine chochote." Aliinua macho. "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Kolpack aliigeuza simu, akaitazama nyuma, akaigeuza tena.

"Na mwanachama akiwa na swali?"

"Hakuna pa kuuliza, bosi," alisema Jolene. "Kitufe cha maswali uliniagiza nikiondoe."

Aliagana naye, akaenda kumsaidia Verna kumwaga mafuta. Kolpack alibaki pale, akikitafuta.